Jicho, Kidole, Bawa: Dalili na Tiba za Sehemu Nyeti za Visanamu vya Njozi

Jicho la kisanamu chenye kimo cha milimita 28 lina upana wa takriban milimita moja. Anayeliharibu wakati wa kulipaka rangi huulaumu mkono kwamba unatetemeka, kisha huenda kutafuta brashi ndogo zaidi. Mkono unasingiziwa, na brashi ndogo huzidisha shida. Makosa mengi ya macho, vidole, mikufu na mabawa hutokana na moja kati ya mambo mawili: kiasi cha rangi na maji kilichomo kwenye brashi wakati inapogusa, au hali ya uso wa kisanamu kabla ya rangi ya kwanza. Hapa tunazungumzia rangi za akriliki zinazochanganywa na maji, na mazingira ya Arusha na Moshi, ambako vumbi, joto na baridi vina msimu wake.

Kabla ya kutafuta dalili yako, fanya kipimo cha ukucha. Chovya brashi kwenye rangi uliyochanganya, ivute juu ya tishu mara moja huku ukiizungusha ili ncha ijikusanye, kisha chora mstari wa sentimita moja kwenye ukucha wa kidole gumba cha mkono mwingine. Mstari ukitoka mwembamba na kingo zake zimenyooka, endelea na kazi. Ukitambaa kuelekea kwenye nyama, brashi imebeba maji mengi. Ukikatikakatika, rangi ni nzito au imeshaanza kukauka. Ikitoka mistari miwili, ncha imepasuka. Kipimo hiki hufanywa kila unapochovya, si mwanzo wa kazi tu. Na usiilambe brashi ili ipate ncha, ingawa utawaona wengi wakifanya hivyo; baadhi ya rangi zina kadimiamu au kobalti, na hizo si za kuweka mdomoni.

Rangi inakauka kwenye ncha kabla haijafika

Unachovya, unasogea, unagusa, hakitoki kitu. Ukibonyeza, tone zima linashuka kwa mkupuo na jicho limekwisha.

Tazama kwanza namba ya brashi. Brashi ya 5/0 au 10/0 haina tumbo la kubeba maji, kwa hiyo kidogo kilichomo hukauka ndani ya sekunde chache. Brashi namba 1, hata namba 2, ikiwa na ncha kali, huweka akiba tumboni na kuilisha ncha polepole. Mboni huchorwa na ncha. Unene wa brashi juu ya hapo hauhusiki. Manyoya ya kolinsky, yanayotoka kwenye mkia wa kicheche wa Siberia, ndiyo yanayoshika ncha vizuri zaidi, lakini ni ghali na hayapatikani kila duka. Brashi ya nyuzi za plastiki yenye ncha nzuri inafanya kazi, ila itadumu muda mfupi.

Chanzo cha pili ni hewa. Moshi, mwezi wa Januari na Februari, joto la mchana hupita nyuzi 30, na feni ikizunguka juu ya meza tone la rangi kwenye sahani hushika ngozi baada ya dakika chache. Arusha iko juu zaidi, takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, joto lake ni dogo, lakini upepo mkavu wa Agosti na Septemba unaleta matokeo yaleyale. Geuza feni iangalie ukuta, kisha achana na sahani kavu na utengeneze paleti ya unyevu. Unahitaji kopo bapa la chakula lenye mfuniko unaobana. Ndani yake tandika tishu za jikoni nne hadi sita, mimina maji mpaka ziloe bila maji kusimama juu yake, kisha laza karatasi ya kuokea keki. Iwe ile ya kuokea kweli: karatasi ya nta haipitishi unyevu, na ya daftari hulowa na kuacha nyuzi ndani ya rangi. Hapo rangi hukaa mbichi kwa saa kadhaa, na ukifunika unaweza kuikuta inafaa kesho yake. Ukiona inatawanyika yenyewe juu ya karatasi, tishu zina maji mengi. Inamisha kopo uyamwage.

Dawa ya kuchelewesha kukauka inasaidia, lakini kwa kipimo: tone moja kwa matone nane hadi kumi ya rangi. Ukizidisha, tabaka hubaki linanata, na la pili likija linalibandua la kwanza.

Rangi inafurika shimo la jicho

Umechovya ukaenda moja kwa moja bila kupita kwenye tishu. Usisugue. Suuza brashi, ikaushe mpaka ibaki na unyevu tu, gusisha ncha kwenye dimbwi na uiache inyonye. Ikiwa rangi imeshakauka, iache hivyo. Utaikata upya kwa kahawia iliyokolea kutoka pembeni.

Macho yamekodoa, au kila moja linatazama kwake

Macho ya kukodoa yana sababu moja karibu kila mara: mboni imechorwa kama nukta katikati ya nyeupe, na nyeupe inaonekana kuizunguka pande zote. Mtu wa kawaida hafumbui macho hivyo isipokuwa amepata mshtuko. Kope hufunika sehemu ya juu ya mboni, na mara nyingi ya chini pia.

Utaratibu unaozuia hilo ni huu. Fanya macho kabla ya ngozi, ili utakapokosea ngozi ije kufunika. Jaza shimo lote la jicho kwa kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. Ndani yake weka nyeupe iliyochujuka, yaani nyeupe yenye chembe ya krimu au kijivu, ukiacha uzi wa kahawia juu na chini uwe kope. Nyeupe tupu ya chupa ni kali mno na mara nyingi hutoka na chembechembe. Kisha mboni: mstari wima unaoanza kwenye kope la juu na kugusa la chini. Mwishoni leta rangi ya ngozi kutoka chini, uminye jicho mpaka lifikie upana unaoutaka. Kope la chini ni rahisi zaidi ukikigeuza kisanamu kichwa chini, kwa sababu mkono unavuta kwa mwelekeo uleule ulioutumia kwa la juu.

Makengeza hutokea pale unapojaribu kumfanya atazame mbele moja kwa moja. Tofauti ya robo milimita kati ya mboni mbili inaonekana wazi ukiwa upande wa pili wa meza. Mfanye atazame pembeni, upande ule kichwa kilikogeukia au kwenye mkono wenye silaha. Mboni zote mbili ziguse kona ya upande huo na kosa dogo halitaonekana. Anza na jicho lile linalokusumbua kulifikia, halafu lile rahisi lilinganishe nalo. Ukifanya kinyume, utalazimika kulinganisha katika nafasi mbaya.

Nukta ya mng'ao juu ya mboni ni ya visanamu vya milimita 54 na kuendelea. Kwenye 28, nukta hiyo inafuta mboni nzima. Na askari aliyevaa kofia ya chuma inayofunika uso anahitaji mstari mmoja wa kahawia tu. Hakuna aliyekulazimisha umchoree mboni.

Kama bado mkono unayumba, tatizo liko kwenye egemeo. Bandika kisanamu juu ya kipande cha mpini wa ufagio au kizibo kwa gundi ya kubandua, egemeza viwiko vyote viwili mezani, unganisha viganja kwenye vifundo, na chora ukiwa unatoa pumzi. Kikuzi cha kuvaa kichwani cha mara mbili au mbili na nusu kinatosha. Ile lenzi ya mara kumi wanayoitumia madalali wa tanzanaiti inaona vizuri kwa umbali wa sentimita mbili na nusu tu, na brashi haipiti hapo. Itumie kukagua, si kupaka. Taa za kichwani zinazouzwa Moshi kwa wapanda mlima nazo zina kasoro yake. Mwanga unatoka palepale macho yako yalipo, kwa hiyo vivuli vinapotea, pua na kope vinaonekana bapa, na rangi mbichi inang'aa machoni. Zinafaa umeme ukikatika. Vinginevyo weka taa ya mezani, nyeupe, juu kidogo na upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia.

Ngozi nyeusi imetoka na majivu

Tatizo hili halizungumzwi vya kutosha, kwa sababu maelekezo mengi ya kupaka nyuso yameandikwa kwa ngozi nyeupe, na yanasema mwanga unapatikana kwa kuongeza nyeupe kwenye rangi ya msingi. Fanya hivyo kwenye kahawia iliyokolea na uso wa shujaa wako utakuwa wa mtu aliyeamka asubuhi ya kipupwe bila kupaka mafuta. Nyeupe hupoza kahawia na kuinyang'anya wekundu wake.

Anza na kahawia iliyokolea sehemu nne na zambarau sehemu moja. Kwa vivuli vya chini ya taya, pembeni mwa pua na kwenye mashimo ya macho, ongeza zambarau au bluu nzito kwenye mchanganyiko huohuo. Nyeusi tupu huua rangi. Kupandisha mwanga, tumia kahawia nyekundu, halafu kahawia yenye chungwa, halafu manjano ya udongo. Krimu iingie mwisho kabisa, kwa kiasi kidogo mno, kwenye ncha ya pua, juu ya mfupa wa shavu na ukingo wa mdomo wa chini.

Kuna jambo la umbo pia. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kwa madoa madogo makali zaidi kuliko ngozi nyeupe, ambayo mwanga wake huenea. Kwa hiyo madoa ya mwanga yawe machache, madogo, yenye tofauti kubwa na msingi. Ukiyatandaza, uso unapauka hata kama hukutumia nyeupe. Mdomo wa juu uwe mweusi kuliko wa chini. Wa chini upate waridi lililochanganywa na kahawia. Viganja na nyayo ni hafifu kuliko mgongo wa mkono, na mchawi aliyenyoosha vidole kurusha uchawi anaonyesha kiganja chote: ukikisahau, mkono mzima unaonekana umevaa glavu. Nyeupe ya jicho nayo ipunguzwe zaidi, iwe krimu yenye kijivu, kwa kuwa tofauti na ngozi ni kubwa na jicho litaruka mbele.

Kama majivu yameshatokea, usianze upya. Changanya kahawia yenye chungwa sehemu moja na sehemu sita za maji na midiamu (gundi ya akriliki isiyo na rangi), nusu kwa nusu, na upitishe utando mwembamba juu ya uso wote. Subiri ukauke kabisa. Pitisha tena. Baada ya tando mbili au tatu joto la ngozi hurudi, na kazi yote ya awali inabaki chini yake.

Uso una chembechembe

Kwenye joho chembechembe zinaweza kujificha, kwenye shavu haziwezi. Kama zilionekana tangu kwenye praima, yaani tabaka la kwanza linaloshikisha rangi, umepuliza ukiwa mbali au kwenye upepo, na matone yamekauka angani kabla ya kutua. Kaa sentimita 15 hadi 25, piga mapito mafupi yanayoanza na kuishia nje ya kisanamu, na usipulize jua la saa nane. Kwa kiangazi fanya kazi mapema asubuhi kabla upepo haujaamka, kisha funika visanamu kwa beseni lililoinuliwa ukingo mmoja kwa kijiti, ili hewa ipite na vumbi lisitue. Arusha mwezi wa Juni na Julai asubuhi zina baridi na mawingu mazito, na kopo baridi hutema matone makubwa. Subiri jua litoke, au liweke kopo dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu. Lisikaribie jiko kamwe.

Praima za magari zinapatikana kirahisi na watu wanazitumia. Kwenye chuma hazina shida. Kwenye plastiki ya polistirini, tina iliyomo inaweza kuyeyusha nakshi ukipuliza kwa wingi: pua inakuwa mviringo na kope linapotea. Jaribu kwanza kwenye fremu zilizobaki baada ya kukata vipande.

Kama praima ni safi na chembe zimekuja baadaye, rangi haikutikiswa vya kutosha au ina vipande vilivyokauka mdomoni mwa chupa. Tikisa dakika nzima, futa mdomo wa chupa, usichote kutoka kwenye kifuniko.

Kusugua uso kwa msasa hakufai. Ondoa rangi yote kwa kulowesha kwenye spiriti ya isopropili na kusugua kwa mswaki laini, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali. Chuma huvumilia, polistirini huvumilia kwa kawaida, resini ijaribiwe kwanza chini ya kitako. Tina na asetoni visikaribie plastiki.

Ncha imepasuka au imejikunja

Rangi imepanda ikakauka ndani ya bati linaloshika manyoya, na inayasukuma yatanuke. Chovya hadi nusu ya manyoya tu, suuza kila baada ya dakika chache hata kama hubadilishi rangi, na mwisho wa kazi osha kwa sabuni laini ya mtoto kiganjani mpaka povu litoke jeupe. Ichonge ncha kwa vidole, ilaze. Brashi iliyosimamishwa kichwa chini ndani ya kikombe cha maji inajikunja siku hiyohiyo. Nyuzi za plastiki zilizojikunja hunyooka kwa muda zikitumbukizwa sekunde chache kwenye maji ya moto. Manyoya ya asili usiyafanyie hivyo. Na rangi za metali ziwe na kikombe chao na brashi yao, maana chembe zake zikibaki majini utazikuta zinametameta kwenye shavu la malaika.

Rangi inabanduka vidoleni na kwenye ncha za silaha

Inabanduka ikiacha plastiki au resini tupu chini yake? Basi hakuna rangi uliyokosea. Uso haukuwa safi. Resini hutoka kiwandani na mafuta ya kuachia kalibu, na chuma hubeba mafuta ya vidole. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki, suuza, acha kikauke usiku kucha kabla ya praima. Kisanamu cha printa ya 3D kinachonata ukikigusa hakijaoshwa vizuri kwa spiriti au hakijaiva kwa mwanga. Praima haitashika hapo hata ungepuliza mara tatu. Kioshe tena, kikauke kabisa, kirudi kwenye mwanga wa UV. Vaa glavu, resini mbichi inadhuru ngozi.

Inabanduka ikiacha praima? Basi ni mikono yako. Kidole cha kisanamu kilichonyooshwa ndicho kinachoguswa kila unapokigeuza. Shika mpini, si kisanamu.

Inapasuka mstari mmoja kwenye upanga mwembamba au shina la bawa? Sehemu hiyo inapinda na rangi haipindi nayo. Punguza idadi ya tabaka pale, na usinyooshe silaha iliyopinda baada ya kupaka. Inyooshe kabla: plastiki laini au resini itumbukize kwenye maji ya moto sekunde kadhaa, inyooshe, kisha itumbukize kwenye maji baridi ishikilie.

Utando wa bawa una alama za madimbwi

Bawa la joka ni eneo kubwa, bapa, lenye rangi nyepesi, na kila kosa la maji linabaki limeandikwa hapo. Dalili ni duara lenye ukingo uliokolea na katikati hafifu. Rangi nyepesi ikiachwa kama dimbwi, maji hukauka kwanza ukingoni na kuvuta rangi kuelekea huko. Maji mengi bila midiamu huzidisha hali hiyo, kwa sababu gundi iliyomo kwenye rangi imepungua na hakuna kinachozishika chembe mahali pake.

Changanya rangi sehemu moja na sehemu sita hadi nane za mchanganyiko wa maji na midiamu. Chovya, halafu ifute brashi kwenye tishu mpaka uhisi umeimaliza yote. Hujaimaliza. Ilaze brashi na uvute kuelekea pale unapotaka rangi iwe nyingi, kwa mfano kutoka ukingo wa nje wa bawa kuelekea kwenye mfupa, kwani mahali brashi inapoinuka ndipo inapoacha rangi nyingi. Fanya chumba kimoja kati ya mifupa miwili, hamia kingine, ukiliweka bawa lilale bapa. Usirudi kwenye chumba kilichoanza kukauka: brashi itararua ngozi iliyoanza kushika, na huko ndiko yanakotoka yale mabaka yaliyochubuka. Dakika kumi hadi kumi na tano kati ya tando, au mashine ya kukaushia nywele kwenye hewa ya baridi. Mabadiliko yanaanza kuonekana utando wa tatu au wa nne, na wengi huzidisha rangi kwenye wa pili kwa kukosa subira.

Dimbwi lililokwisha kukauka haliondoki kwa utando mwingine wa rangi ileile. Rudi kwenye rangi ya msingi ya bawa, ifanye nyepesi 1:2, rangi kwa mchanganyiko ule wa maji na midiamu, na upige nukta ndogondogo juu ya ule ukingo mpaka uvunjike, ndipo uendelee na tando. Nukta hizo zikibaki zinaonekana kidogo si hasara, ngozi ya joka haina haja ya kuwa laini.

Mistari ya mishipi na shuka inayumba

Mshipi ulioinuka upake kwa ubavu wa brashi, usiguse kwa ncha. Kilichoinuka kitapokea rangi chenyewe. Penye bonde kati ya mshipi na nguo tia uzi wa kahawia iliyokolea kwanza, kabla ya rangi nyingine yoyote. Uzi huo ndio unaotenganisha vitu viwili kwa mtazamaji, na unasamehe mengi.

Kwa mistari ya kuchora bure, mfano shuka jekundu la miraba kwenye joho la shujaa, rangi kwa maji iwe 1:1.5, au tumia wino wa akriliki. Weka nukta za nafasi ukingoni mwa nguo, juu na chini, kisha ziunganishe. Anza na mistari inayofuata mteremko wa mikunjo, halafu ya kukatiza, na hii ya kukatiza ipande na kushuka pamoja na mikunjo. Ukiipiga rula, nguo inageuka kuwa ubao. Usihangaike kuchora mstari mwembamba kwa pigo moja. Uchore mnene, kisha ukate kwa nyekundu ya msingi kutoka pande zote mbili. Penye makutano ya mistari ongeza nukta iliyokolea zaidi.

Kito hakionekani kuwa kito

Mara nyingi kimewekwa mwanga juu na kivuli chini, kama jiwe la kawaida. Kito kinapitisha mwanga, kwa hiyo ni kinyume: upande mwanga unakotoka uwe mweusi, upande wa pili uwe mwangavu, na nukta moja nyeupe ikae ndani ya ule weusi. Kwa tanzanaiti, ambayo huonyesha bluu au zambarau kulingana na upande unaoitazama, anza na bluu nzito, panda kwa bluu angavu kwenye kona ya chini, kisha pitisha utando wa zambarau nusu moja tu ya jiwe. Vanishi ya kung'aa iwekwe juu ya kito baada ya vanishi isiyong'aa ya kisanamu chote, vinginevyo utaufuta mng'ao wako mwenyewe.

Ukungu mweupe baada ya vanishi

Vanishi isiyong'aa ikipulizwa wakati hewa ina unyevu mwingi, au ikipulizwa nzito, au kopo halikutikiswa, huacha utando mweupe, na unaonekana zaidi kwenye mashimo ya macho na ngozi nyeusi. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, usipulize siku ya mvua, hata kama umejificha barazani. Tumia vanishi ya kupaka kwa brashi. Ukungu ukishatokea, acha kikauke siku nzima, kisha paka vanishi ya kung'aa nyembamba kwa brashi. Mara nyingi weupe unatoweka hapohapo, na unaweza kurudisha hali ya kutong'aa kwa tabaka moja jepesi siku kavu. Usipofanikiwa, tando za rangi juu ya sehemu nyeusi zitapunguza.

Kidole au mkuki umevunjika baada ya kupakwa

Toboa pande zote mbili kwa keekee ya mkono ya nusu milimita, ingiza kipande cha waya, bandika kwa supagluu. Tone liwe dogo, lichukuliwe kwa ncha ya kijiti cha meno. Supagluu inayokauka mahali pasipo na hewa hutoa mvuke unaoacha weupe kwenye rangi ya jirani, kwa hiyo usikifunike kisanamu kwenye boksi mpaka saa kadhaa zipite. Weupe huo unafichwa na vanishi isiyong'aa ukiwa hafifu. Ukiwa mzito, paka kiungo chote upya, kuanzia praima ya brashi.